Uraibu wa Mitandao ya Kijamii Vyuoni: Historia ya Chombo na ya Neno

Malalamiko ya kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu wametekwa na mitandao ya kijamii yasikika siku hizi katika kila baraza la walimu. Husemwa kwamba mwanafunzi huingia darasani simu i mkononi, hulala nayo chini ya mto, huamka nayo kabla ya kunawa uso, na kitabu alichoazima kwa juma zima hukirejesha maktaba hali hakukifunua. Malalamiko haya si ya uongo. Walakini namna yanavyosemwa yaonyesha dhana moja ambayo makala haya yakusudia kuipima, nayo ni dhana kwamba mitandao ni kitu cha nje kilichokivamia chuo kikuu, na kwamba mwanafunzi ndiye aliyekifungulia mlango kwa udhaifu wa nafsi yake. Historia yasema vingine. Chombo hiki kilizaliwa chuoni, kililelewa kwa elimu ya vyuo, na wanafunzi ndio waliokuwa watu wa kwanza kujaribiwa kwacho. Na kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, yafaa tuitazame historia hiyo pamoja na maneno tunayoyatumia kuwahukumu wanafunzi, maana neno likikosewa, hukumu nayo hukosewa.

Kiswahili kina maneno manne yanayotumika katika jambo hili. La kwanza ni mazoea. Neno hili latokana na kuzoea, wala halina lawama ndani yake. Mtu huzoea mema kama azoeavyo mabaya, ijapokuwa wahenga walitahadharisha kwamba mazoea yana taabu. La pili ni ulevi. Hili ni neno la hukumu. Mlevi hutazamwa kuwa amekunywa kwa hiari yake, akaipoteza akili yake kwa mkono wake mwenyewe, na dini na mila zote mbili humtaka atubu. La tatu ni uraibu, nalo lina historia ya pekee. Katika matumizi ya watu wa pwani uraibu ulifungamana na tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku, vitu vilivyotiwa katika sahani au kijaluba na kutolewa kwa mgeni pamoja na mazungumzo. Uraibu wa namna hiyo ulikuwa adabu ya barazani kabla ya kuwa kifungo. Baadaye neno lilipanuka likachukua kila tamaa ya kudumu iliyo ngumu kuachwa, na leo ndilo neno la waganga wa hospitali na la waandishi wa habari. La nne ni uteja, neno la vijana wa mijini, ambao humwita teja mtu aliyetawaliwa na heroini. Sauti yake i karibu sana na mteja, yaani mnunuzi, na pia mgonjwa aliye chini ya uganga. Maneno haya manne hayalingani. Kila moja laiweka lawama mahali pake, na mwenye kuchagua moja amekwisha kuamua nusu ya kesi.

Basi na tukitazame chombo chenyewe. Katika vyuo vingi vya Marekani palikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi wapya kijitabu chenye picha na majina ya wenzao, ili wapate kufahamiana. Kijitabu hicho kiliitwa kwa neno lenye maana ya kitabu cha nyuso. Tarehe 4 Februari 2004, Mark Zuckerberg, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu cha Harvard, alifungua katika intaneti kitabu cha namna hiyo kutoka bwenini mwake. Hapo mwanzo hakuweza kuingia ila mtu mwenye anwani ya barua ya Harvard. Katika mwezi wa kwanza zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa chuo hicho walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Machi mwaka huohuo kilifunguliwa kwa vyuo vya Columbia, Stanford na Yale; kisha vyuo vingine vikafuata kimoja baada ya kimoja; na mwaka ulipokwisha watumiaji walikuwa wametimia milioni moja. Wanafunzi wa shule za sekondari waliruhusiwa mwaka 2005. Watu wote wenye umri wa miaka 13 na zaidi hawakuruhusiwa mpaka 26 Septemba 2006. Kwa hiyo kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima Facebook haikuwa na watu ndani yake ila watu wa vyuo.

Tukiipima hali hiyo kwa maneno yetu, twaona kwamba jambo lilianza kama uraibu wa zamani ulivyoanza. Lilikuwa sahani iliyopitishwa miongoni mwa rika. Aliyekataa hakuonekana kuwa na kiasi. Alionekana kuwa mgeni asiyetaka kuketi na wenzake. Nguvu ya kwanza iliyowavuta wanafunzi haikuwa hila yoyote ya mitambo, bali ni ile nguvu kongwe ya kutaka kujulikana na kutotaka kuachwa nyuma.

Hila zilikuja baadaye, na wanafunzi walizitambua. Septemba 2006 Facebook ilianza kumwekea kila mtumiaji mkondo mmoja wa habari, ambamo matendo ya rafiki zake wote yalimjia pasipo yeye kuyatafuta. Wanafunzi walikasirika. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Northwestern alianzisha kikundi cha kuupinga mkondo huo, na kwa siku chache watu mamia ya maelfu walijiunga. Lakini habari za kikundi hicho zilienea upesi kwa kuwa mkondo wenyewe ndio uliozieneza, na wenye kampuni hawakukosa kulielewa fundisho hilo. Mwaka huohuo wa 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, ambao kadiri msomaji auvutavyo ndivyo uzidivyo kujiongeza. Februari 2009 kiliongezwa kitufe cha kuonyesha kupendezwa. Na kwa kuwa simu zenye intaneti zilikuwa zikienea miaka hiyo, mambo hayo yote yalitoka katika kompyuta ya mezani, ambayo mtu huiacha akaenda zake, yakaingia mfukoni. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Mchovyaji wa zamani alikuwa na bahati moja, kwamba buyu lilikuwa na kikomo, naye alipokiona alijua amefanya nini. Ukurasa usiokuwa na mwisho umemwondolea hata dalili hiyo.

Elimu iliyotumika katika hila hizo ilitoka wapi? Hapa yatupasa kumtaja mtu ambaye sisi wanaisimu twamjua kwa sababu nyingine. Mwaka 1957 B. F. Skinner, mwalimu wa saikolojia wa Harvard, alitoa vitabu viwili. Kimoja ni Verbal Behavior, alichotaka kueleza ndani yake kwamba lugha ni tabia inayojengwa kwa thawabu. Noam Chomsky alikikosoa kitabu hicho katika jarida la Language mwaka 1959, na ukosoaji ule ni katika mambo ya kwanza tunayowafundisha wanafunzi wetu wa isimu. Twawaambia kwamba mtoto hajifunzi lugha kama njiwa ajifunzavyo kudonoa. Kitabu cha pili, alichokiandika pamoja na Charles Ferster, wanaisimu hatukisomi. Hicho kilikuwa juu ya njiwa hasa. Kilionyesha kwamba njiwa apewaye punje kila adonoapo idadi ile ile hufanya kazi kwa vituo. Lakini yule apewaye punje pasipo kujua ni donoo la ngapi litakaloileta hudonoa upesi na kwa muda mrefu, na hata punje zikikatizwa haachi upesi. Skinner mwenyewe alilinganisha jambo hilo na mashine za kamari. Katika isimu alishindwa. Katika elimu ya njiwa hakushindwa. Nasi tulipokwisha kumweka kando katika darasa la lugha, tulidhani tumemalizana naye.

Hatukuwa tumemalizana naye. Mwaka 1998 B. J. Fogg alianzisha katika chuo kikuu cha Stanford maabara ya kuchunguza namna kompyuta ziwezavyo kubadili fikira na matendo ya watu. Yapasa kumtendea haki: katika kitabu chake cha mwaka 2003 aliandika sura nzima juu ya maadili ya elimu hiyo. Lakini elimu ikitoka mkononi mwa mwalimu haiendi na sura zake zote. Mwaka 2007 Fogg alifundisha darasa la wanafunzi 75, waliopewa kazi ya kutunga programu ndogo za kutumiwa ndani ya Facebook. Kwa majuma kumi tu programu zao zilipata watumiaji milioni 16. Mike Krieger, mmoja wa watu wawili walioanzisha Instagram mwaka 2010, alipitia masomo ya Fogg. Na shahada yake ya Stanford ni ya fani inayounganisha kompyuta, falsafa, saikolojia na isimu. Nataja isimu kwa makusudi. Si haki kuwaachia wahandisi lawama yote na kuwaacha nje watu wa elimu ya binadamu na lugha yake.

Sababu ya elimu hiyo kutafutwa kwa bidii ni biashara. Herbert Simon aliandika mwaka 1971 kwamba palipo na wingi wa habari hupatikana uhaba wa kitu kinacholiwa na habari, nacho ni usikivu wa watu. Kitu cha uhaba hupata bei. Mwaka 2023 Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya dola bilioni 134.9, na katika hizo bilioni 131.9 zilitokana na matangazo. Basi hapa neno la vijana lina hekima kuliko wenyewe walivyodhani. Mteja wa kampuni hizi ni mwenye tangazo, kwa kuwa yeye ndiye atoaye fedha. Mwanafunzi hanunui kitu. Saa zake ndizo zinazouzwa. Novemba 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani kwamba fikira iliyowaongoza wajenzi ilikuwa jinsi ya kuchukua muda na usikivu wa mtu kwa kadiri kubwa iwezekanavyo, na kwamba walijua wanatumia udhaifu uliomo katika nafsi ya binadamu.

Sasa tulitazame jina la ugonjwa. Mwaka 1995 Ivan Goldberg, mganga wa maradhi ya akili huko New York, alitangaza ugonjwa wa uraibu wa intaneti kwa mzaha, akiiga namna vitabu vya uganga vinavyoorodhesha dalili. Watu waliusadiki. Mwaka uliofuata Kimberly Young alisoma mbele ya mkutano wa wanasaikolojia huko Toronto makala yasiyokuwa na mzaha, akitumia dalili alizozikopa katika ugonjwa wa kucheza kamari. Mwaka 2012 Cecilie Schou Andreassen na wenzake wa chuo kikuu cha Bergen, Norwei, walitunga kipimo cha uraibu wa Facebook chenye mambo sita: kitu kutawala fikira, kubadili hali ya moyo, kuhitaji kuzidishwa, kuleta taabu kikikosekana, kuzusha migongano na watu au kazi, na kurudiwa baada ya kuachwa. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 423. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliingiza ugonjwa wa michezo ya kompyuta pamoja na ule wa kamari, wala halikuingiza mitandao ya kijamii. Kwa hiyo anenaye kwamba wanafunzi wote wana uraibu asema neno ambalo waganga wenyewe hawajalitia muhuri.

Je, yafuata kwamba hapana madhara? La, haifuati. Mwaka 2022 Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin walitoa katika jarida la American Economic Review uchunguzi wa vyuo 775 vya Marekani. Walitumia ule mpango wa Facebook kufunguliwa chuo kimoja baada ya kingine, wakalinganisha wanafunzi waliokwisha kufikiwa na wasiofikiwa bado. Waliona kwamba Facebook ilipofika, afya ya akili ya wanafunzi ilizorota, huzuni nzito hasa, na wanafunzi walisema zaidi kwamba hali hiyo iliwaharibia masomo. Wachunguzi hawa wanaona sababu kubwa ni mtu kujilinganisha na wenzake na kujiona amepungukiwa. Msomaji na aangalie miaka: takriban yote hayo yalitukia kabla ya ukurasa usiokuwa na mwisho kuenea, kabla ya kitufe cha kupendezwa, na kabla ya simu kuchukua mahali pa kompyuta. Madhara yalitangulia hila. Kwa hiyo neno uraibu peke yake halitoshi kueleza yote, maana mtu aweza kuumizwa na kitu asichokuwa mtumwa wake.

Afrika ya Mashariki iliingia katika habari hii baadaye kidogo, nayo iliingia kupitia mlango uleule wa vyuo. Mwezi Juni 2009 Facebook ilipata sura ya Kiswahili, na kazi hiyo ya tafsiri iliongozwa na wasomi wa Kiswahili. Mwezi uliofuata waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukizifikisha Mombasa na Dar es Salaam kwenye intaneti ya upesi, ilhali hapo kabla zilitegemea satelaiti kwa bei kubwa. Kisha kampuni za simu zilianza kuuza intaneti kwa vifurushi: vifurushi vya mitandao ya kijamii peke yake, vifurushi vya wanavyuo, na vifurushi vya usiku wa manane vilivyo rahisi kuliko vya mchana. Mwalimu amwonaye mwanafunzi akisinzia saa mbili asubuhi na akumbuke bei hizo. Mwanafunzi asiye na fedha hukesha kwa kuwa usiku ndio wakati anaoumudu.

Vyuo vyetu navyo havikukaa kando. Machi 2020 vyuo vya Kenya na Tanzania vilipofungwa kwa sababu ya Korona, walimu wengi na viongozi wa madarasa waliwategemea wanafunzi wapate habari kupitia makundi ya WhatsApp. Vyuo vilifunguliwa, makundi hayakufungwa. Leo mabadiliko ya ratiba, ukumbi wa mtihani na siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi aghalabu hutangazwa humo. Mwanafunzi akiiweka simu yake kando kwa siku mbili aweza kukosa mtihani. Kisha mwalimu yuleyule aliyelitangaza jambo humo usiku humlaumu mwanafunzi asubuhi kwa kutazama simu. Mtu hawezi kuitwa barazani kwa lazima na kuhukumiwa kwa kuhudhuria.

Lugha nayo imepata athari inayofaa kuandikwa. Katika maneno kama kuchati, kuposti na kuperuzi, limo neno laiki, likiwa na maana ya alama ya kupendezwa. Kiswahili kilikuwa na laiki yake tangu zamani, yenye asili ya Kiarabu: kulaiki ni kufaa, kustahili, kuwa sawa na inavyopasa. Neno jipya halikutokana na la zamani. Yamekutana kwa sauti tu. Lakini mkutano huo watufaa kutofautisha mambo mawili. Jambo liwezalo kupata laiki elfu moja kwa maana mpya laweza lisilaiki hata kidogo kwa maana ya zamani, na maandishi yanayolaiki huenda yasipate hata moja. Mwanafunzi aliyezoea kupimwa kwa hesabu ya dakika kumi huona shida kuingia katika kazi ambayo thawabu yake i mbali, kama vile kusoma kamusi, kukusanya matini au kuandika tasnifu. Hasara hiyo ndiyo iniogofyayo mimi kuliko saa zinazopotea, kwa maana elimu yetu yote yasimama juu ya uvumilivu wa namna hiyo.

Baada ya kuyapima haya, nashauri mambo matatu. La kwanza ni la istilahi. Neno uraibu na liwekwe kwa ajili ya mtu ambaye dalili zake zimepimwa na mjuzi, apate kusaidiwa na si kuaibishwa. Kwa wengine walio wengi neno mazoea latosha, nalo lina faida ya kukumbusha kwamba mazoea hubadilika. Neno ulevi lisiingie katika kanuni za vyuo wala katika hotuba za kuwapokea wanafunzi wapya, maana lampa mmoja lawama ya wengi. La pili ni la utawala. Chuo kinachotaka wanafunzi wake waweze kuiacha simu na kiwe na mahali pengine pa kutangazia mambo yake: ubao, barua ya chuo, au mdomo wa mwalimu darasani, na tangazo lisitolewe usiku likitazamiwa kutimizwa asubuhi. La tatu ni la mafundisho. Historia hii ya njiwa, ya bweni, ya darasa la mwaka 2007 na ya bei ya usikivu na ifundishwe kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza pamoja na ukosoaji wa Chomsky, wapate kujua kwamba hoja iliyoshindwa katika lugha yaweza kushinda katika soko.

Wala simwondolei mwanafunzi wajibu wake. Sahani ya tambuu hata ikipitishwa mara mia, mkono unaochukua ni wa mwenyewe. Lakini wenye nyumba waliotengeneza sahani, wakaipamba na kuipitisha, hawawezi kukaa pembeni wakimshangaa mgeni kwa mdomo wake mwekundu. Chuo kikuu ni mmoja wa wenye nyumba hao, na kazi ya kurekebisha yapasa ianzie kwake.